Tupeane uzoefu: ulivyopambana na modemu ya simu kwenye Linux

Fundi_Waya: Wakuu, jana nafagia stoo nimekutana na modemu ya nje ya US Robotics, kile kiboksi cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu, ile yenye safu ya taa nyekundu. Nilivyoishika tu, ule mlio ukanirudia masikioni. Mwaka 2000 nilikaa siku nne na Red Hat, aina mojawapo ya Linux. pppd, programu ya kuunganisha intaneti kwa simu, inasema imeunganika, anwani ya IP nimepewa, nikifungua ukurasa, kimya. Kumbe /etc/resolv.conf ilikuwa tupu, mashine haijui pa kuulizia majina. Nyie yaliwakuta yapi?

mama_zuu: resolv.conf! Ilinilia wikiendi nzima.

Slaki_Mzee: Afadhali nyie wa modemu ya nje. Mimi nilinunua ya ndani, ya PCI, muuzaji Kariakoo akaniapia inakubali kila kitu. Winmodemu. Kadi haina akili yake, kazi yote inafanywa na programu ya Windows. Nikajaribu bandari zote, ttyS0 mpaka ttyS3, nikapiga setserial kuzipanga, nikaandika ATZ, amri ya kuianzisha modemu upya, mpaka vidole vikauma. Hata OK moja sikupewa. Baadaye nikapata dreva (programu ya kuendesha kifaa) ya chipu za Lucent, nayo ikataka kerneli (kiini cha Linux) ile ile iliyojengewa. Nikajenga kerneli upya kwenye Pentium ya MHz 133. Nililala, nikaamka, bado inajenga.

beki_tatu: Sasa hapo si Linux ndiyo mbovu? Windows unabonyeza mara mbili, umeingia.

Slaki_Mzee: Aliyetengeneza chipu kaficha maelezo yake. Unamlaumu mpishi kwa unga ambao hakuletewa?

Pembe_Mbili: Sisi wa FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Linux, tulikuwa tunalala usingizi. Modemu ya nje kwenye /dev/cuaa0, ppp.conf moja, ppp -auto, kwisha.

Slaki_Mzee: Nyie watano wa FreeBSD nchi nzima, tulieni.

Mtoto_wa_Mhasibu: Ngoja niwape ya kwetu, Tanga, 2001. Simu ya mezani ilikuwa ya kuzungusha, na mzee kaitia kufuli, ufunguo anatembea nao. Lakini kufuli linazuia kidole, halizuii waya. Nikachomeka modemu ukutani. Mitambo yetu ilikuwa ya zamani, ATDT, amri ya kudaili kwa milio, haikuingia, mpaka nikaweka ATDP idaili kwa kugongagonga. Namba yenyewe ya Dar, yaani kila dakika ni ya mkoa hadi mkoa.

Nikajiona fundi. Kwenye pppd nikaweka demand ili ijidaili yenyewe ikihitajika, na idle 300 ili ikikaa kimya dakika tano ijikate. Nilichosahau: fetchmail nilishaipangia kuangalia barua pepe kila dakika nne, kwa hiyo dakika tano za kimya hazifiki kamwe. Ijumaa nikaondoka kwenda kwa bibi Muheza, kompyuta nimezima kioo tu.

Mzee akinyanyua mkonga anakuta shhhh-kraaa. Anarudisha. Laini imekatika, lakini dakika nne hazijaisha modemu imeshapiga tena. Mama akasema simu imeingiliwa, aitwe shehe asome. Akaitwa kweli, akasoma pale pale sebuleni, ubani unafuka. Jumapili narudi nakuta chetezo bado cha moto. Nikachomoa waya kimyakimya, simu ikapona. Shehe akapata sifa mtaa mzima.

Mwisho wa mwezi ikaja bili. Mzee aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kesi akabebeshwa dada yangu: eti amechonga ufunguo wa kufuli, anaongea na mwanamume wa Dar. Alinyimwa kutoka mwezi mzima. Mimi nilikuwa pale nakula ugali, kimya.

mama_zuu: Subiri. Ulimwambia dada au hukumwambia?

beki_tatu: Nimecheka mpaka bosi kaja kuangalia. Shehe alilipwa?

Pembe_Mbili: Kosa ni kutumia demand. Mtu unadaili mwenyewe kwa mkono, ukimaliza unaua pppd.

Slaki_Mzee: demand haina kosa, angeweka active-filter, kichujio cha pppd, paketi za barua zisihesabiwe kama matumizi. Na kwa mitambo ile ongeza ATX3, modemu isisubiri mlio wa laini.

Fundi_Waya: X3 balaa, ilishadaili katikati ya maongezi ya mama mkwe.

Kamau_wa_Thika: Mnadhani yaliisha? 2010 nilinunua modemu ya USB ya 3G, Ubuntu, Linux pia hiyo, ikaiona kama CD. Mpaka usb_modeswitch iigeuze, ndipo bandari ya modemu, ttyUSB0, ikatokea. Halafu wvdial, programu ya kudaili, na namba ya kupiga ni *99#. ATDT ile ile, pppd ile ile! Jina na pasiwedi niliandika chochote tu, ikakubali.

mama_zuu: Kamau hongera. Mtoto wa Mhasibu, swali langu liko palepale.

Mtoto_wa_Mhasibu: Shehe alipewa kuku. Dada nilimwambia siku ya send-off yake, nikijua mbele za watu hatanipiga. Alinipiga.

beki_tatu: 😂😂😂

Kamau_wa_Thika: Fundi, hiyo modemu unauza?

Fundi_Waya: Adapta yake imepotea. Nimeona ya ruta inaingia vizuri kwenye tundu, nijaribu?

Slaki_Mzee: Usithubutu! Soma kwanza chini ya modemu. Nyingi za hizo zinataka AC, ya ruta inatoa DC.

Fundi_Waya: Nimeshaichomeka. Taa moja imewaka.

Slaki_Mzee: Ipi?