Kodi na ada za halmashauri zinamrudiaje mkazi?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, kila mwaka ninalipa ada ya leseni na kodi ya jengo, lakini mfereji ulio mbele ya biashara yangu umeziba tangu mvua zilizopita. Nitajuaje fedha hizo zimetumika wapi, na malalamiko yangu niyapeleke kwa nani?

Jibu la 1: Kodi, tofauti na ada, haimnunulii mlipaji huduma mahususi mlangoni pake, bali huingia katika mfuko wa pamoja unaogharimia usafi, taa za barabarani na mengineyo. Kwa hiyo, soma bajeti iliyopitishwa na madiwani, kisha uilinganishe na ripoti ya mkaguzi. Kuhusu mfereji, andika barua inayotaja mahali na tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa malalamiko ya mdomo husahaulika kabla mlalamikaji hajatoka ofisini.

Jibu la 2: Mwaka 1989 jiji la Porto Alegre nchini Brazil lilianzisha bajeti shirikishi, ambapo wakazi walikutana kwa maeneo yao kupanga vipaumbele vya uwekezaji, ikiwemo miundombinu ya majitaka. Utaratibu huo naupenda, ingawa mikutano inayoitishwa saa za kazi huwaacha nje wafanyabiashara wadogo (sijui nani huipanga hivyo).

Muulizaji: Ahsanteni. Nianze na diwani au mtendaji?

Jibu la 1: Anza na mtendaji, kwa sababu ndiye anayesimamia mafundi. Diwani mpe nakala, ili aulize katika kikao iwapo utapuuzwa.