Msaada: Nilifaulu jiografia kwa kukariri, ngazi ya juu imenikwamisha

Chipukizi wa Ramani:
Wakuu, habari za muda huu. Ngazi ya chini, jiografia ndiyo ilikuwa somo langu la kupumzikia. Nilikariri aina za mvua, aina za miamba, faida na hasara za kila kitu, mitihani nikaichapa. Sasa nimepanda ngazi, na insha yangu ya kwanza, ya mvua za milima, imerudi na 7 kati ya 25. Pembeni mwalimu ameandika "kwa nini?" mara nne, ya mwisho kalamu nyekundu nusura itoboe karatasi. Na nilichoandika ni sahihi kabisa: hewa yenye unyevu inakutana na mlima, inapanda, inapoa, mvua inanyesha, upande wa pili unabaki mkavu. Anataka nini tena? Au nibadili somo?

Mzee wa Kontua:
Usibadili, mdogo wangu. Ulichoandika ni kweli, ila umesimulia tu. Umesema hewa "inapoa". Inapoaje, na mlimani hakuna jokofu? Hewa ikipanda inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na kutanuka huko kunakula joto lake yenyewe. Ikiwa haijashiba mvuke, hupoteza karibu nyuzi 10 za Selsiasi kila mita 1,000. Ikishashiba, mvuke hugeuka matone na kuachia joto fiche, yaani joto lililokuwa limejificha ndani ya mvuke, kwa hiyo inapoa polepole zaidi. Kwa zoezi letu tumia nyuzi 6. Haya, chukua karatasi. Hewa ya nyuzi 25 iko usawa wa bahari, mlima una mita 3,000, mawingu yanaanza kwenye mita 1,000. Ikishuka upande wa pili hadi usawa wa bahari tena, itakuwa na nyuzi ngapi? Sitaki maneno, nataka namba.

Dada Skeli:
Mimi kilichoniangusha ni nadharia. Miduara ya von Thünen, ile nadharia ya kilimo kinavyojipanga kuuzunguka mji, nilikuwa naiimba: mboga na maziwa karibu na mji, kisha kuni, nafaka, mifugo mbali kabisa. Swali likaja: "Je, bado ina maana leo?" Nikabaki nimetoa macho. Siku hizi kila nadharia naiandikia mwaka wake na masharti yake. Hii ni ya 1826. Mji ni mmoja tu, ardhi ni tambarare, udongo ni wa aina moja, mizigo inakwenda kwa mkokoteni. Halafu naondoa sharti moja moja nione mduara upi unavunjika. Leta jokofu, na maziwa hayalazimiki tena kukaa mlangoni mwa mji. Leta reli, na kuni zinaweza kutoka mbali. Tayari una aya mbili za hoja, na hujakariri chochote kipya.
Malthus na nadharia yake ya 1798 ya watu na chakula usimsome peke yake, mkalishe na Boserup wa 1965 wagombane. Yule anaona watu wakikizidi chakula, huyu anaona wingi wa watu ndio unaolazimisha kilimo kibadilike.

Mkariri Sugu:
Mnamtisha mtoto wa watu. Kukariri hakujafa, huwezi kujadili mwamba usioujua jina. Ila sasa unakariri ili upate cha kubishania. Na hesabu za takwimu usizikimbie, ile ya Spearman, ya kupima kama mambo mawili yanakwenda pamoja, ni kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Wengi wanaipata namba vizuri, halafu wanaandika kwamba jambo moja limesababisha lingine kwa kuwa tu yanakwenda pamoja. Hapo maksi zinamwagika.

Chipukizi wa Ramani:
Mzee wa Kontua, nimerudi. Mara ya kwanza nilitumia 10 kote, nikapata 25 zilezile, nikadhani umenitega. Nikasoma upya. Mita 1,000 za kwanza: 25 hadi 15. Mita 2,000 zilizobaki kwa nyuzi 6: nimefika kileleni na 3. Kushuka nikatumia 10, maana mvua imeshanyesha na hewa haijashiba tena: 33. Zimeongezeka nyuzi 8! Zimetoka wapi?

Mzee wa Kontua:
Niambie wewe. Kule ilikotoka iliacha nini?

Chipukizi wa Ramani:
Maji. Maji yamebaki mlimani, lile joto fiche likabaki kwenye hewa. Kumbe upande wa pili si mkavu tu, una joto zaidi pia! Kwenye insha nzima sikutaja joto hata mara moja.

Mzee wa Kontua:
Upepo wa namna hiyo kwenye milima ya Alps unaitwa foehn, na unayeyusha theluji haraka. Uingize kama mfano. Na kabla hujaandika aya ya kwanza, chora mlima wako uweke hizo namba nne: 25, 15, 3, 33.

Dada Skeli:
Na mshale wa upepo, jamani. Mimi niliwahi kuusahau.