Mjadala: Je, majalada ya vibali vya ujenzi Mombasa yafunguliwe kwa kila raia?

Mtoa mada:
Tangu mwaka 2013 kuidhinisha ramani za majengo ni kazi ya Serikali ya Kaunti, iliyoipokea kutoka kwa Baraza la Manispaa. Rai yangu ni kwamba majalada ya vibali, mapya na ya zamani, yawe wazi. Mkazi wa Kizingo anayeona jirani akipandisha ghorofa ya nane ana swali moja tu: kibali kiliruhusu ngapi? Ni kweli kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kumjibu, ila katika muda huo zege huwa limeshamwagwa. Katika Mji wa Kale, uliotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, haja ni kubwa zaidi, kwa maana roshani ikishang'olewa, mchoro wa zamani ndio unaoweza kuonyesha ilivyokuwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Ramani huonyesha vyumba vya kulala na mlango wa nyuma. Sidhani kama nyumba yangu ni ya kupekuliwa na kila mpita njia.

Mchangiaji wa pili, Majengo:
Mimi naogopa jingine. Huku kwetu wengi tuna nyumba bila ardhi: kuta ni zetu, kiwanja ni cha mwingine, na nyumba nyingi zilijengwa kwa makubaliano ya mdomo na kodi ya kila mwezi. Masijala ikifunguliwa, mwenye kiwanja anayetaka kutuondoa ataanza kwa kuuliza jalada letu liko wapi.

Mtoa mada:
Ndugu wa kwanza, michoro ya ndani ibaki ofisini. Kinachotakiwa hadharani ni karatasi ya kibali, yaani tarehe, idadi ya ghorofa, matumizi na masharti. Hoja ya Majengo ni nzito, na nakiri kwamba uwazi pekee hauitatui. Ningependa kanuni itamke wazi kwamba kukosekana kwa jalada si ushahidi wa kosa, kwa sababu karatasi hupotea hata pale ambapo mwenye nyumba alilipa ada zote, na kwamba ukaguzi uanze na majengo ya ghorofa yanayojengwa sasa. Bila sharti hilo, hata mimi nisingeunga mkono.