Kwaresima imetugawa kanisani, na karatasi niliibandika mimi. Naombeni ushauri

Mama_Katubuka:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mzee wa kanisa, mwanamke, sina hata mwaka mmoja na nusu tangu niwekewe mikono. Usharika wetu wa Kipresbiteri hapa Kigoma ni mdogo, tukijaa sana hatufiki sitini: walimu, watu wa Kyela, Wakenya wachache, na ndugu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Ukisema "Presbiteri" pale soko la Mwanga unaulizwa kama ni dhehebu jipya.

Kwaresima kwetu haikuwa na mambo mengi. Mchungaji anahubiri mateso, Ijumaa Kuu tunakaa kimya, Pasaka tunaimba, basi. Mwaka huu wa 2026 imeanza 18 Februari na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo. Jirani zetu wote ni Waislamu. Ikifika saa kumi na moja jioni mtaa mzima unanukia kaimati, na mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, kwani sisi hatufungi?" Likanichoma. Nikapeleka hoja kwenye baraza la wazee: tufunge Jumatano na Ijumaa, jioni tukutane kwa maombi, na hela ya chakula cha mchana iingie kwenye kopo la wahitaji. Ikapita, ingawa mzee wetu mmoja wa siku nyingi alinuna.

Sasa kosa. Nilibandika karatasi mlangoni yenye majina ya kila nyumba, aliyefunga nampigia vema. Nilidhani natia watu moyo. Kuna mama mjane anaanika dagaa Kibirizi. Wiki ya pili mbele ya jina lake patupu. Wiki ya tatu hakuja kabisa. Nimesikia alisema, "Mimi nashinda juani tangu alfajiri nageuza dagaa. Nikianguka, nani atawaanua mvua ikija?"

Mzee wetu anatembea kifua mbele: "Niliwaambia huu ni Ukatoliki." Vijana nao wanataka mwakani tupakane majivu. Mchungaji yuko safarini mpaka Jumapili ya Matawi. Nifanye nini? Nikiibandua karatasi si nitaonekana nimeshindwa?

Muhogo_Mkavu:
Bandua leo, usingoje Matawi. Mathayo 6 inasema ukifunga, paka mafuta, nawa uso, watu wasijue. Wewe umewawekea na rejista!

Mzee_wa_Benchi:
Dada, nami ni Mpresbiteri, nimezaliwa humo. Kihistoria mzee wenu hajakosea sana. Mwaka 1522 kule Zürich, Uswisi, watu walikula soseji katikati ya Kwaresima, wakati nyama imekatazwa, nyumbani kwa mchapaji mmoja, Froschauer. Zwingli, mchungaji aliyeongoza matengenezo ya kanisa mji huo, alikuwepo. Yeye hakula, ila baadaye alisimama akawatetea. Mwaka 1560 John Knox, kiongozi wa matengenezo kule Uskoti, na wenzake wakaziondoa huko siku zote za namna hii. Lakini mwambie mzee wako asiishie hapo, maana Waskoti hao hao walikuwa wanatangaza siku za kufunga likitokea jambo zito, njaa au tauni. Ugomvi wao haukuwa na njaa ya tumbo, ulikuwa na mtu kuilazimisha dhamiri ya mwenzake. Kwa hiyo kufunga kwenu hakuna tatizo. Karatasi yako ndiyo hasa waliyokuwa wanaikimbia.

Mnyamwezi_Mkatoliki:
Nipo Tabora, Mkatoliki wa kubatizwa. Huyo mzee asitusingizie 😂 Kwetu siku za kufunga kwa amri ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kuanzia miaka 18 mpaka unapoingia mwaka wa 60. Mgonjwa halazimishwi. Nyie Jumatano na Ijumaa zote? Mmetupita!

Kipepeo77:
Dini zimeletwa na meli, dagaa ni wetu. Kuleni.

Karabai:
@Kipepeo77 kaa pembeni kidogo, mkuu. Dada, mimi ni mvuvi. Huyo mama usimwite kwenye maombi ya jioni kipindi cha giza, mwezi usipowaka, maana usiku tunavua na alfajiri mzigo unamsubiri. Huwezi kumwambia dagaa alale mbichi, na mvua hizi za Machi ataoza. Ila angalia kitu: Pasaka inafuata mwezi mpevu. Mwaka huu mwezi unajaa 2 Aprili, Alhamisi Kuu yenyewe. Mbalamwezi ikiwaka taa zetu hazivuti samaki, mitumbwi inalala ufukweni, na vichanja vinakuwa vitupu. Wiki Takatifu ya Kigoma karibu kila mwaka inawakuta watu wa ziwani wako nyumbani. Wekeni maombi yenu hapo. Hata mimi nitakuja, na wala si wa kanisa lenu.

Mama_Katubuka:
Asanteni wote. @Karabai miaka yote niliyokaa mji huu sikuwahi kuunganisha mwezi na Pasaka. Nitalipeleka barazani.

Karatasi niliibandua jana, gundi ikabaki na alama mlangoni. Leo asubuhi nikashuka Kibirizi. Nilimkuta kwenye kichanja chake. Nilianza kuomba radhi, akanikatisha, "Shika upande huo." Tukageuza dagaa mpaka saa tano, mikono yangu imenuka mpaka sasa ninavyoandika. Habari ya kanisa hakuitaja hata mara moja, nami sikuigusa tena. Wakati wa kuondoka nikaomba anipimie kisado kimoja. Nikatoa hela, akakataa kupokea. Akasema nikaitie kwenye lile kopo, ila nisiandike jina.