Mlikula asilimia 10, mkanifungia luku, leo mnaniita mvamizi wa mlima?

Wakuu, salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa viwanja vya Buswelu, ni mambo mawili tofauti. Na mtanisamehe kwa lugha, naandika nikiwa bado na hasira za jana.

Jana nimekaa kwenye benchi la ofisi moja hapa Mwanza (siitaji) toka saa 2 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Nafuatilia hati ya kiwanja changu. Mwaka 2019 ilikuja kampuni ya urasimishaji (kupima viwanja vya watu ili wapewe hati) mtaani kwetu huku mlimani, ikaitishwa mikutano miwili, tukaambiwa kila kiwanja shilingi 150,000 na ndani ya miezi sita mtu una hati yako mkononi. Nikalipa kwa awamu tatu, risiti zote ninazo. Wakapanda vijana wawili na kile kidude chao cha kupimia, wakachimbia bikoni nne za mipaka, wakashuka. Bikoni moja iko nyuma ya choo. Mke wangu ananolea kisu cha kuparia sato hapo, na niseme ukweli, ndiyo faida pekee niliyoipata kwa laki moja na nusu yangu. Namba za kampuni hazipatikani, ofisi waliyopanga sasa hivi ni saluni.

Dada wa kaunta alikuwa muungwana. Kapekua mafaili, kasema, "Baba, mchoro wa mtaa wenu bado haujapitishwa." Hilo ningelimeza, nimeshazoea. Sasa kuna bwana kakaa nyuma yake, anachezea simu, hata uso hakuinua: "Nyie wavamizi wa milimani mnasumbua sana."

Mvamizi! Mimi?

Kile kiwanja nilikinunua 2011 kwa mzee wa Kisukuma aliyezaliwa pale pale. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muhuri ukagongwa, na asilimia 10 ya bei, ile inayochukuliwa na ofisi ya mtaa, nikaitoa siku hiyo hiyo taslimu. Umeme nimefungiwa kihalali. Kodi ya jengo nakatwa 1,500 kila mwezi kwenye luku, inaondoka kabla sijapata hata yuniti moja. Nionyesheni mvamizi gani duniani anayelipishwa kodi ya alichokivamia.

Halafu tuongee huu mji ulivyoota, maana kuna watu wanadhani Mwanza ilichorwa kwanza ndipo watu wakaalikwa. Mjerumani aliweka kituo chake hapa miaka ya 1890, kwa ajili ya utawala na biashara. Reli kutoka Tabora ikafika 1928. Haikujengwa ili babu zetu wakasalimie ndugu Tabora, ilikuja kubeba pamba ya Usukuma. Sasa pamba haipandi behewani yenyewe, inataka kuli wa kuipakia, na kuli jioni anataka pa kulala. Kwenye ramani ya mkoloni bungalow lilikuwa na nafasi yake kule kwenye upepo wa ziwa, duka lilikuwa na nafasi yake mjini kati. Kuli alijijua mwenyewe.

Miaka ya 1990 vikashamiri viwanda vya sangara. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki tunakaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vilivyobaki. Vijana na mabinti wakavuka maji kutoka Ukerewe na Sengerema, wakaja kukata minofu kwa zamu. Kuna kiwanda kilichowajengea hata banda? Walipanga vyumba Igogo, Kirumba, Mabatini, na aliyepata vijisenti akapanda juu kidogo, akasogeza mawe, akaanza msingi. Mwaka 1967 mji huu ulikuwa na watu kama 35,000. Sensa ya 2022 wilaya mbili za mji huu, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja wamevuka milioni 1. Hao wote mlitaka wakae wapi, juu ya maji na furu?

Najua atakuja mjuaji aseme wenzetu hupanga kwanza. Ni kweli wapo waliopanga. Mohenjo-daro, huko Pakistani ya leo, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita walikuwa na mitaa iliyonyooka na mitaro ya matofali ya kupitisha majitaka. Ila London mnayoisifia, kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka kinyesi mpaka wabunge wakakaa bungeni kwa shida, jengo lao liko pale pale mtoni. Sheria ikapita chapuchapu, mhandisi Joseph Bazalgette akapewa hela ya kujenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini. Maskini walikuwa wanakufa kwa kipindupindu miaka na miaka kabla ya hapo. Ndio maana mvua ikinyesha na vyoo vya huku juu vikaserereka hadi Mto Mirongo, mimi huwa naombea upepo uelekee maofisini.

Nimeshatoka nje ya mada. Mwezi wa tatu jirani yangu alishikwa na uchungu saa 8 usiku. Hakuna gari wala bajaji inayofika kwetu, njia ni ya mguu katikati ya majabali. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, mmoja anatangulia na tochi ya simu. Kiti kikavunjika mguu tukiwa katikati. Tukambeba kwenye kitenge. Mtoto kazaliwa salama, nashukuru Mungu, lakini kwenye ule mchoro ambao haujapitishwa kuna barabara ya mita sita inapita hapo hapo tulipovunjia kiti. Niliiona kwa macho yangu, wametia rangi ya kahawia.

Na ziwa nalitazama dirishani kutwa nzima. Maji nanunua dumu.

Waliolipa hiyo 2019 mkiwa mitaa ya mlimani, njooni PM na risiti zenu. Jumatatu saa 2 nitakuwa kwenye benchi lile lile, na safari hii sitaki niwe peke yangu yule bwana akiinua uso.

Mnaotaka kuandika "hamieni Kishiri" huko pembezoni mwa jiji, pesa ya kuhamia mnatoa nyie?