Jeki imezama mchangani nikimwaga oil ya IST nyumbani. Nifanyeje siku nyingine?

Mkazi wa Kibada

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Mwenye kutaka kunicheka anicheke kwanza amalize, halafu anisaidie.

Nina Toyota IST, injini ya lita 1.5. Mwaka jana fundi wa mtaani alikaza nati ya sampu, lile bakuli la oil chini ya injini, mpaka meno yakafa, nikaishia kununua sampu nyingine. Nikaapa kuanzia hapo oil namwaga mwenyewe. Nimeshafanya mara tatu bila tatizo. Jumapili hii mambo yakawa mengine.

Uwanja wangu ni mchanga mtupu, wa Kigamboni mnaujua. Niliinua mbele kwa jeki ya mkasi iliyokuja na gari, gia nikaiacha kwenye P ya kuegesha, nikasukumia tofali la nchi sita chini ya bodi kama tahadhari, nikaingia chali. Nati ilikuwa imeganda. Nikavuta spana mara ya kwanza, haijali. Mara ya pili nikasikia mchanga unalia chini ya jeki, kama mtu anakanyaga sukari. Sikuelewa hata kidogo. Nikatoka kufuata kipande cha bomba cha kurefushia spana.

Nimesimama, najikung'uta mgongo, gari likarudi nyuma kidogo, jeki ikalala ubavu, gari likakaa chini. Wala halikupiga kelele nyingi. Tofali likawa vipande vitatu na unga. Beseni la oil, ambalo lilikuwa usawa wa kifua changu, limebaki bapa kama chapati.

Mama watoto nimemwambia beseni nimelikanyaga.

Nataka niendelee kufanya mwenyewe, ila kufa sitaki. Mnafanyaje wenzangu?

Abiria wa Pantoni

Pole sana mkuu. Ila elfu tano ya fundi ndiyo ilitaka kukuzika? Peleka gereji yenye shimo, simama uangalie akikaza nati, mpe chake, ondoka.

Mkazi wa Kibada

Ile sampu ilinigharimu zaidi ya elfu tano, ndugu yangu. Na nilikuwa nimesimama naangalia.

Spana Kumi na Nne

Kaka, mimi ni fundi, nipo mtaa wa Gerezani, Kariakoo, miaka mingi. Umefanya makosa matatu, na moja nadhani hata hujui kama umelifanya.

Naanza na hilo. Umesema gari liliachwa kwenye P. Handibreki ulivuta? Hujaitaja, na wengi wenye otomatiki hawaigusi mpaka wapande mlima. Sasa sikiliza. IST, kama si ile inayovuta tairi zote nne, inavuta kwa tairi za mbele. P inafunga zile zile za mbele. Wewe umeinua mbele, kwa hiyo umeinua breki yako yote ukaipeleka hewani. Tairi za nyuma zilikuwa huru kabisa. Ulipoivuta spana, gari lilikuwa linakusikiliza. Handibreki ndiyo inashika nyuma. Ivute mpaka mwisho, halafu weka jiwe au kabari ya mbao nyuma na mbele ya kila tairi la nyuma. Gari likiinuliwa nyuma ndiyo handibreki haina kazi, hapo kabari zinakwenda kwenye tairi za mbele.

La pili ni jeki. Ile ya mkasi irudishe kwenye buti ikasubiri pancha. Kitako chake ni kidogo, na ilitengenezwa uinue, ubadilishe tairi, ushushe. Tafuta ile ya kuvuta yenye magurudumu, lakini nayo usiiamini ikushikie gari. Inabeba kwa mafuta. Sili, ule mpira unaozuia mafuta, ikichoka jeki inashuka polepole, na hakuna atakayekuambia. Mimi nimeiona ikishuka wakati fundi amekwenda kula, aliporudi tairi lipo chini. Jeki iinue, stendi ziingie mbili, zile za chuma za kushikilia gari, gari lishushwe likae juu ya stendi. Kabla halijakaa kwenye stendi hata mkono usiingize.

Ukitumia jeki ya kuvuta, inua katikati kwenye chuma kizito cha mbele, sio kwenye sampu, utaitoboa ununue ya tatu. Stendi zinakaa chini ya ubavu wa gari, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chuma, utakuta mikato miwili midogo. Katikati ya ile mikato ndipo penye nguvu. Pembeni yake bati linakunjika.

Zikishakaa, usiingie. Simama pembeni, weka mikono miwili kwenye bodi, sukuma kwa nguvu zako zote. Kama litaanguka, lianguke ukiwa umesimama.

Abiria wa Pantoni

Mkuu, makosa matatu. La tatu je?

Spana Kumi na Nne

Tofali. Tofali la sementi linabeba ghorofa kwa sababu mzigo umelala juu yake lote. Chini ya gari unaweka ukingo wa chuma mwembamba kama kisu, na gari lina tani moja. Linapasuka mara moja, halitoi ishara. Heri ungeweka lile tairi la spea, likiwa limelala na rimu yake. Mimi mpaka leo, pamoja na stendi, spea nalisukumia chini ya ubavu.

Mama Wawili Tegeta

Hapa naomba nami niseme, ingawa gari silijui zaidi ya kuliendesha.

Kaka yangu aliangukiwa na gari uani kwetu, jeki hiyo hiyo. Tulikuwa ndani, redio imewashwa, tukasikia kama mtu amegonga geti. Mtoto ndiye aliyekwenda akarudi anasema "mjomba amelala na gari". Majirani wakaja wanne wakalinyanyua kwa mikono, likawaponyoka, likamrudia. Mbavu tatu. Baadaye ndipo dereva wa bajaji akaleta jeki na vipande vya mbao, wakapandisha kidogo, wakaweka mbao, wakapandisha tena. Leo anatembea, ila kulala ubavu wa kulia hawezi.

Kwa hiyo kaka, usiingie chini ya gari ukiwa peke yako nyumbani. Awepo mtu pembeni, mwenye simu, anayejua zimamoto na uokoaji ni 114, na anayejua jeki ya pili iko wapi. Na huyo mtu kwako ni mkeo. Mwambie la beseni.

Mchanga Mwepesi

Mimi nipo Mbweni, mchanga kama wako. Stendi zenyewe zina miguu minne myembamba, inachoma mchanga kama uma. Mbao nyembamba inapinda katikati. Niliishia kumwaga zege, kipande cha kutosha mbele ya gari na jeki, mifuko michache tu. Ama uchimbe shimo lako.

Spana Kumi na Nne

Shimo la nyumbani hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unajaa chini. Taa moja mbovu inatosha. Na Kigamboni ukichimba masika, unachimba kisima.

Kingine, usimwage oil ya moto. Washa injini dakika mbili tatu ilegee, zima, subiri. Na nati ikiganda usiivute kwa mitikisiko, tumia boksi spana namba 14 yenye mkono mrefu, vuta taratibu. Injini yako na filta inakula lita 3.7, usimimine dumu zima la 4. Pima baada ya gari kushuka chini limesimama sawa.

Mkazi wa Kibada

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Zege limekauka. Jeki ya kuvuta na stendi mbili nimechukua Gerezani. Leo nimefanya. Nimevuta handibreki, nimeweka kabari nne, spea ubavuni. Nimelisukuma lile gari mpaka jirani akauliza kama limegoma kuwaka. Halikutikisika. Nati imetoka mara moja, sikuamini. Oil chafu kachukua huyo huyo jirani, anataka kupaka mbao za banda la kuku, mchwa wamemsumbua.

Mama watoto alikaa kwenye kigoda na simu mkononi tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilimwambia yote usiku ule ule, dada wa Tegeta. Alinyamaza siku mbili. Leo asubuhi kaniletea beseni jipya, la bluu, kaliweka karibu na stendi, akaniuliza: "Na hili utalikanyaga lini?"