Pikapu ya kuvuta trela la saruji na kupeleka watoto shule: nichague ipi kati ya hizi tatu?

Mjenzi wa Iringa

Habari zenu wakuu. Ninaishi Iringa mjini, na kazi yangu ni kujenga matangi ya maji na nyumba ndogo, hasa upande wa Kilolo na Mafinga. Kwa miaka minne nimekuwa nikikodi lori dogo la Canter kila ninapohamisha vifaa, na nimechoka kumlipa mwenye gari hata siku ambayo mzigo wenyewe ni mashine ya zege peke yake. Nimekwisha kuchongesha trela la ekseli moja, ambalo likiwa tupu lina takriban kilo 400, na kwa kawaida litabeba mifuko 20 ya saruji pamoja na mbao chache. Ninatafuta pikapu ya milango minne itakayowapeleka watoto shule asubuhi, ivute trela hilo mchana, na mara moja au mbili kwa mwezi ishuke mlima Kitonga kwenda Morogoro kufuata mabomba.

Nina shilingi milioni 50, na nimeona gari tatu. Ya kwanza ni Toyota Hilux 2.5 D-4D ya mwaka 2012, gia za mkono, ambayo muuzaji anasema imeingia kutoka Japani ikiwa imetembea kilomita 78,000 tu. Ya pili ni Isuzu D-Max 3.0 ya 2014, nayo ya gia za mkono, na mwenye nayo ni mtu mmoja tangu ilipokuwa mpya. Ya tatu ni Ford Ranger 3.2 ya 2014, otomatiki. Moyo wangu uko kwenye Hilux kwa sababu ya spea, ilhali mke wangu anaitaka Ranger kwa kuwa ndani imetulia. Naomba ushauri wa watu wanaovuta mzigo kweli.

Fundi Dizeli, Mbeya

Mkuu, tuanze na uzito ndipo tuje kwenye injini. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja, ukiongeza trela lenyewe unafika kilo 1,400, na mbao hujazihesabu. Pikapu zote tatu zinaumudu mzigo huo, kwa kuwa watengenezaji wameziruhusu kuvuta tani mbili na zaidi. Lakini kiwango hicho ni cha trela lenye breki zake lenyewe. Kwa trela lisilo na breki, kiwango cha pikapu za aina hii huishia kilo 750, nusu ya mzigo wako. Hukusema kama trela ulilochongesha lina breki. Kama halina, fedha yako ya kwanza iende huko, kabla hujamlipa muuzaji yeyote.

Sasa injini. Ile 2.5 ya Hilux hutumia mkanda wa taimingi, yaani ule unaozifungua valvu sambamba na mwendo wa pistoni, na ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kukumbusha kwamba mkanda umefikia muda wa kubadilishwa. Tatizo ni kwamba mtu yeyote anaweza kuizima na kuanza hesabu upya bila kugusa mkanda wenyewe, hivyo kutowaka kwake si ushahidi wa chochote. Nozeli zake, zile zinazopulizia mafuta kwenye silinda, pia hazipendi dizeli chafu, na seti nzima ya nozeli mpya itakuumiza. Injini ya D-Max 3.0 inatumia cheni badala ya mkanda, na kwa maoni yangu ndiyo ninayoiona gereji kwa sababu chache kuliko hizo nyingine.

Ranger ina nguvu kuliko zote, kwani silinda zake tano zinatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 470, wakati D-Max ya mwaka huo ina Nm 380. Ina tabia moja, hata hivyo, ambayo mafundi wengi wa mtaani hawaijui: wakati wa kubadilisha oili, hairuhusiwi kuachwa ikichuruzika muda mrefu, dakika kumi zikipita pampu inaweza kushindwa kuivuta oili mpya, na injini ikawaka ikiwa kavu. Sisi tumezoea kufungua nati, kwenda kunywa chai, na kurudi. Ukiinunua, simama juu ya kichwa cha fundi.

Jambo la mwisho, na samahani kama nitaharibu furaha yako. Hilux ya kizazi hicho haikuuzwa Japani. Toyota iliacha kuiuza huko mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, tena ikiwa na injini ya 2.4. Kwa hiyo hiyo ya 2012 imetoka kwingine, na kama muuzaji hasemi kweli kuhusu ilikotoka, sioni kwa nini uamini zile kilomita 78,000. Soma namba ya chasisi: ikianza na MR0 imeundwa Thailand, ikianza na AHT imeundwa Afrika Kusini.

Dereva Mstaafu

Fundi amesema kweli kuhusu breki, nami niongeze lililonipata. Nilikuwa nikishuka Kitonga na trela lisilo na breki, limebeba jenereta, na nilijiona mjanja kwa sababu nilipanda mlima ule ule wiki iliyotangulia bila shida. Kwenye kona ya tatu nilihisi gari likisukumwa kwa nyuma, kama vile mtu ameweka mkono mgongoni mwako na anaukandamiza taratibu. Nilikanyaga breki, gari likapungua mwendo kidogo, trela likaendelea kusukuma na mkia wa pikapu ukaanza kuelekea ukingoni. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa gia ya pili. Nilipofika chini, rimu za mbele zilikuwa hazishikiki na harufu ya breki ilijaa ndani ya gari hadi Ruaha Mbuyuni.

Kwa hiyo, kijana wangu, gia ya kushukia ichague ukiwa bado juu, maana ukishaanza kusukumwa hutapata nafasi ya kuirudisha. Saruji nayo usiirundike nyuma ya trela eti kwa sababu ni rahisi kuishusha. Iweke juu ya ekseli na kidogo mbele yake, ili takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilalie kwenye ndoano ya pikapu. Trela lililolemewa nyuma huanza kutikisa mkia ukifika mwendo wa kilomita 70 hivi, na hapo kukanyaga breki kwa nguvu huzidisha ubaya.

Mama Parachichi, Njombe

Kaka, wote wamezungumzia siku za mzigo, ila kwa maelezo yako siku nyingi gari litakuwa tupu, likiwa na watoto nyuma. Ninaendesha D-Max ya miaka hiyo hiyo. Ikiwa tupu inarukaruka kwenye barabara ya vumbi, kwa kuwa springi za nyuma zimekusudiwa kubeba tani moja, na mwanangu mdogo alitapika mara mbili katika mwezi wa kwanza. Nilipunguza upepo wa matairi ya nyuma siku zisizo na mzigo, nikaacha mifuko miwili ya mchanga kwenye bodi, na safari zikawa za amani. Siku ya kuvuta ninarudisha upepo wote. Ranger imetulia zaidi, wifi yangu, mkeo, ana haki kuipenda. Mimi niliiacha kwa sababu moja tu: hapa Njombe sikupata fundi wa kuaminika wa gia zake za otomatiki, na sikutaka kuipakia kwenye lori kuipeleka Dar es Salaam.

Mjenzi wa Iringa

Nashukuru sana wakuu, na wewe dada. Jana nilikwenda kuiangalia tena ile Hilux nikiwa na tochi. Namba iliyogongwa kwenye chasisi, karibu na gurudumu la mbele upande wa kulia, inaanza na AHT. Nilimwuliza muuzaji Japani imehusikaje, akajibu kwamba huenda aliyemletea gari ndiye aliyemwambia hivyo. Mpira wa pedali ya klachi umelika hadi chuma kinaonekana, jambo ambalo sidhani hutokea katika kilomita 78,000. Nimeachana nayo.

Trela halina breki. Nakiri kwamba sikuwahi hata kuuliza. Mchomeleaji wangu amekubali kulifunga mfumo wa breki zinazojikaza zenyewe pale trela linaposukuma mbele, na atatumia ekseli nyingine yenye ngoma za breki, kwa kuwa ile ya awali haikuwa na mahali pa kuzifunga. Kazi hiyo itachukua wiki mbili, na imenipunguzia milioni moja na nusu kwenye bajeti.

Mwenye D-Max amekubali niijaribu nikiwa na trela lenyewe, mifuko 20 juu, kutoka Ipogolo kupanda mjini na kurudi chini, naye atakaa kiti cha pembeni. Fundi, katika mpando ule niangalie nini hasa?

Fundi Dizeli, Mbeya

Iwashe ikiwa imepoa kabisa, kwa hiyo mwambie asiitangulize kuwasha kabla hujafika. Ukipanda, tumia gia ya tatu, kanyaga mafuta hadi mwisho na usikilize klachi: mshale wa mizunguko ya injini ukipanda wakati mwendo hauongezeki, klachi imekwisha, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Angalia mshale wa joto hadi umalize kupanda. Ukiegesha, acha injini ikiwaka, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kiganja chako juu ya tundu. Moshi kidogo ni kawaida, lakini ukikisukuma kiganja kwa nguvu, pistoni zimechoka, na hapo rudi nyumbani na trela lako kwa Canter ya kukodi.